Namba ya Nyuni

Tahiya aliolewa katika nyumba iliyokuwa ikisema kwa sauti ya mwanamke mwingine.

Nyumba zote za Tanga katika miaka ile zilisema. Ziliwaambia wenyewe kwamba birika limechemka, kwamba mlango wa uani haukufungwa, kwamba mvua inakuja kutoka upande wa Muheza. Watu wengi walinunua sauti madukani, za kike au za kiume, zisizokuwa na kwao. Shaali hakununua. Sauti ya nyumba yake ilikuwa ya Mwanakheri, mkewe wa kwanza, ambaye aliisomea mashine maneno yake alipokuwa mgonjwa, kisha akafariki.

"Ibadilishe," Tahiya alimwambia mumewe katika mwezi wa kwanza wa ndoa yao.

"Sauti ya nyumba ni kama jiko," Shaali alijibu. "Mtu hang'oi jiko linalopika."

"Hata kama kila nikigeuka ninaambiwa na mke mwenzangu kwamba nimeacha bomba wazi?"

"Kwani huwa hujaliacha?"

Tahiya akaenda kulifunga, kwa kuwa alikuwa ameliacha. Baada ya hapo alijifunza kuzivumilia amri zile: zima, funga, anua, geuza. Asichoweza kukivumilia kilikuwa kimya. Mara kwa mara nyumba ilianza neno, ikasita kwa muda wa kumeza mate, kisha ikaendelea. Katika kusita huko Shaali alikuwa akiinua kichwa, hata kama alikuwa anakula, na uso wake ukawa uso ambao Tahiya hakuupata kwa njia nyingine yoyote.

Sababu ya kusita aliijua kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Mwanakheri alikuwa mtu wa Ulembo, kisiwa kidogo ambacho bahari ilikuwa imekwisha kukifunika, na Kilembo kina herufi moja ambayo mashine hazikuijua. Herufi hiyo inaitwa nyuni. Ombi la kuipatia namba lilikuwa juu ya meza ya Tahiya katika Baraza la Herufi, alikokuwa mkaguzi, nalo lilikuwa limekaa hapo tangu mvua za vuli.

Siku moja mitambo ya Baraza ilihitaji kupozwa, wafanyakazi wakaruhusiwa baada ya adhuhuri. Tahiya alirudi nyumbani mapema, akaingia kwa mlango wa uani, akawa anaosha mikono jikoni aliposikia nyayo za mumewe barazani. Alichungulia ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Shaali alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuposa.

Nyumba ikasita. Katika kusita huko Shaali akautia ulimi baina ya meno, akavuta pumzi ndani, akatoa sauti ndogo, kali, yenye unyevu, mfano wa mtu aliyeungua kwa uji na hataki mwenyeji wake ajue.

"—ambe, mwenye nyumba," nyumba ikamalizia kwa sauti ya Mwanakheri.

Kurasa hizi hazina njia ya kuiandika nyuni. Palipowekwa kistari ndipo mahali pake. Neno lenyewe ni salamu ya Walembo. Aliye ndani humwambia anayerudi, na anayerudi havuki kizingiti mpaka aisikie na kuijibu kwa neno lilo hilo. Shaali akalijibu, lote, nyuni ikiwa mbele. Kisha akavua viatu, akaingia, akamwona mkewe amesimama na mikono inayotiririka maji.

"Umerudi mapema," alisema.

"Nawe kumbe hurudi hivi," Tahiya alijibu, akageuka kulifunga bomba kabla hajaambiwa.

*

Mashine haiijui herufi, huijua namba. Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mkaguzi. Umbo linaloonekana kwenye kioo ni vazi tu. Herufi moja ya hati ya Kiarabu, ambayo Waswahili wa kale waliandikia lugha yao, huvaa hivi ikiwa mwanzoni mwa neno, vile ikiwa katikati, na vingine ikiwa mwishoni. Lakini chini ya mavazi hayo yote namba ni moja, na ni hiyo inayosafiri kutoka mashine hata mashine. Herufi isiyopewa namba ni kama haikuzaliwa. Mahali pake kwenye kioo huwekwa kisanduku kitupu, na mahali pake katika sauti huwekwa kimya.

Namba hutolewa na Baraza, na namba ikishatolewa haifutwi, haihamishwi, wala maelezo yake hayasahihishwi, hata kama yalikosewa. Maandishi ya dunia nzima yatakuwa yamekwisha kuiegemea. Kwa hiyo mkaguzi hupewa muda mrefu wa kufikiri, na jina lake huandikwa kando ya namba aliyoipitisha, likakaa hapo milele.

Tahiya alikuwa ameutumia muda huo vibaya. Rasimu ya hukumu yake ilikuwa tayari, na ilikuwa fupi: nyuni si herufi, ni te ya hati ya Kiarabu iliyoongezewa nukta. Kama Baraza lingeikubali hukumu hiyo, mashine zote zingeisoma nyuni kuwa te. Kimya kingekwisha. Mwanakheri angesalimu kama mwanamke mwingine yeyote anayeuza sambusa sokoni, na Shaali asingekuwa na sababu ya kuinua kichwa. Tahiya aliisoma rasimu hiyo siku iliyofuata yale aliyoyaona mlangoni, akaiona ni nzuri. Alikuwa angali akiisoma alipogongewa mlango.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mzee aliyevaa kanga zilizofuliwa hadi maandishi yake yakawa kivuli. Alikuwa Bi Kazija, mwakilishi wa Walembo walioletwa bara kisiwa kilipozama.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Usinipe hicho kiti cha magurudumu, mwanangu. Umri wangu ni wa kukaa juu ya kitu kilichotulia." Alipoletewa kiti kingine alikitikisa kwanza, kisha akakaa. "Umelisoma ombi letu?"

"Nimelisoma."

"Unalisoma kwa herufi moja moja, nadhani."

Tahiya hakutabasamu. Bi Kazija alichovya kidole katika bilauri ya maji iliyokuwa mezani, akachora juu ya mbao: kifua kipana, mkia uliokunjwa chini, na nukta tatu chini ya mkia, mfano wa ndege aliyeinama kudonoa.

"Hii ni te?" aliuliza.

"Wako wanaosema kwamba ni te yenye nukta za ziada."

"Akina nani hao?"

Tahiya aliyatazama maji yakikauka juu ya meza.

"Kwetu, mtu akisema te mahali pa nyuni, hata kuku humcheka," Bi Kazija alisema. "Lakini te si adhabu kubwa. Sikiliza adhabu iliyo kubwa. Wajukuu wangu wanafundishwa kusoma na mashine. Mashine ikifika penye nyuni, hunyamaza. Juzi mdogo wao alinikuta nimetangulia kuingia ndani, akataka kunijibu salamu. Akafungua kinywa, akangoja kidogo, kisha akasema, '—ambe.' Nikamwambia, sema vizuri. Akangoja tena, kwa adabu kabisa, akasema vilevile. Kimya amekisomea, mwanangu. Anadhani kungoja ndiko kutamka, na wenzake wote wanangoja hivyo. Kisiwa kimekwenda, na sasa tunaamkiwa kwa shimo."

Kutoka ukumbi wa mitambo ulisikika uvumi wa mapangaboi yaliyokuwa yakiipoza.

"Nitaliangalia," Tahiya alisema.

"Utaliangalia kama nani?" Bi Kazija alimkazia macho. "Nakujua u nani. Mwanakheri alikuwa binti wa kaka yangu. Nilikuja arusini kwako, nikakaa nyuma, nikala pilau yako. Ilipungua chumvi."

"Basi kanuni unaijua. Mkaguzi mwenye jambo lake katika ombi hana budi kujitoa."

"Akijitoa?"

"Ombi husubiri kikao kijacho cha kulifungua jedwali la namba. Miaka kumi na miwili."

"Huyo mdogo atakuwa amekwisha kuoa, anaamkiana na mkewe kwa shimo." Bi Kazija aliinuka. "Usijitoe. Andika haki."

"Huogopi nitakachokiandika?"

"Naogopa. Ndiyo sababu sikutuma ujumbe, nikaja kukutazama usoni."

"Na umeona nini?"

"Nimeona mwanamke ambaye hajala tangu jana," alisema Bi Kazija, akaenda zake.

*

Jioni ile Tahiya alimkuta Shaali jikoni akichambua mchele. Aliweka maziwa motoni, akasimama kwa namna ambayo mtu hawezi kupita bila ya kuomba njia.

"Jana nilikuona mlangoni," alisema.

"Nilijua uliniona."

"Kila siku?"

"Kila ninaporudi." Shaali aliitoa chuya moja, akaitazama kama yenye thamani. "Alinifundisha yeye sauti ile. Nilichukua mwaka mzima kuijua. Ndugu zake walikuwa wakinicheka, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Sasa anacheka nani? Tahiya, hivi kweli unamwonea wivu marehemu?"

"Marehemu simwonei. Nimemwombea dua, na nitamwombea. Ninamwonea wivu yule mwanamume anayesimama nje ya kizingiti. Huyu anayeingia ndani, ambaye ndiye niliyepewa mimi, hajapata kunisubiri namna ile hata siku moja."

Shaali aliacha kuchambua.

"Maziwa yanafurika," nyumba ilisema kwa sauti ya Mwanakheri.

"Nimesikia," Tahiya aliiambia, asiyaondoe. Povu likamwagika juu ya jiko, likanuka. "Herufi yake iko mezani kwangu, bwana. Nyuni. Nikiipa namba yake, Bi Kazija ataitamka mbele ya mashine mara moja, na tangu saa hiyo nyumba zote na shule zote zitaijua. Nyumba hii itasema salamu nzima. Mahali ulipokuwa ukijaza patakuwa pamejaa."

"Na usipoipa?"

"Nikiiita te, itasema te."

"Hilo hutalifanya. Wewe ni mtu wa kazi yako."

"Nilikuwa nimekwisha kuliandika."

Alilisema kwa kulipiza, akaona limepenya. Lakini halikumfurahisha kama alivyotaraji. Shaali aliuweka ungo chini, akaja akayaondoa maziwa mwenyewe kwa ncha ya kitambaa.

"Njia ya tatu ni kujitoa," alisema. "Mimi si mtaalamu, lakini hilo ninalijua. Mke wa aliyekuwa mume wa Mlembo hawezi kuhukumu herufi ya Walembo. Jitoe. Kanuni yenyewe inakutaka ujitoe. Mambo yakae yalivyo."

"Yakae yalivyo, ili?"

"Ili niachiwe lile shimo." Alisema hivyo akiwa amempa mgongo. "Sijakuomba kitu tangu nikuoe. Niachie hilo."

Tahiya alimwambia habari ya mtoto aliyejifunza kungoja. Shaali alisikiliza hadi mwisho, kitambaa mkononi.

"Miaka kumi na miwili si milele," alisema hatimaye, lakini aliiambia sakafu.

Hapo Tahiya akaiona njama iliyokuwa imefanyika bila ya mtu kuifanya. Kanuni ilikuwa upande wa mumewe, na huruma pia. Upande wa pili walikuwapo watoto wa Walembo, na pamoja nao, amekaa palepale kama jamaa mwenye haki ya kukaa, alikuwapo wivu wake. Tangu alipoliona lile la mlangoni wivu huo ulikuwa umegeuza mwendo. Mwanzo uliitaka nyuni ifutwe. Sasa uliitaka ipewe namba haraka, iingie katika nyumba hii, ikae mahali ambapo ulimi wa Shaali ulikuwa ukienda kila jioni kumtembelea mwanamke mwingine. Kuitenda haki ya Walembo kungekuwa kulipiza kisasi chake, na hakuwa na njia ya kuyatenganisha hayo mawili.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa juu. Dakta Mhando, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mtu mpole aliyependa kila kitu kisomwe hadi mwisho, na wajumbe walikuwa wamekwisha kuzipitisha alama mbili za hesabu na herufi moja ya watu wa nyanda za juu. Bi Kazija alikaa mbele, juu ya kiti alichokuwa amekichagua.

"Nyuni," Dakta Mhando alisoma. "Mkaguzi, hukumu yako."

Tahiya alisimama. Rasimu ya kwanza alikuwa ameifuta. Aliyoisoma sasa ilikuwa ndefu, na kila neno lake lilikuwa la kweli: kwamba nyuni haiachi kuwa nyuni inapovaa mavazi ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, kwamba Walembo hawakuiandika te mahali pake wala yenyewe mahali pa te, kwamba nukta zake si pambo, kwani ukiziondoa hakuna asomaye anayejua kilichobaki, kwamba wanaoitumia wangali hai.

"Inastahili namba yake yenyewe," alimalizia.

"Swali la kanuni," alisema Dakta Mhando, kwa sauti ya mtu aliyeliuliza hilo maisha yake yote na hajapata kujibiwa vinginevyo. "Je, mkaguzi ana jambo lake katika herufi hii?"

Bi Kazija aliutazama mkono wake mwenyewe. Tahiya aliwaza juu ya mtoto aliyefungua kinywa akangoja kwa adabu. Akamwaza Shaali, mikono nyuma, nje ya kizingiti. Alitaka sana kujua ni yupi kati ya wawili hao aliyekuwa akimfungua kinywa yeye. Hakujua, na mwenyekiti alikuwa akisubiri.

"Sina," alisema.

Bi Kazija aliitwa mbele ya mashine. Aliutia ulimi baina ya meno, akavuta pumzi. Sauti ile ilipita ukumbini kavu na nyepesi, mara moja tu, na kwenye kioo kikubwa kile kisanduku kitupu kikageuka kuwa ndege aliyeinama. Chini yake ikatokea namba, na kando ya namba, jina la Tahiya. Lingekaa hapo maadamu watu wanaandika. Wake wenza wengine hutenganishwa na talaka, na wengine na kaburi. Kwa hawa wawili haikubaki njia ya kutenganishwa.

Mlangoni Bi Kazija alimshika mkono.

"Ahsante, mwanangu."

"Usinishukuru, Bi Kazija. Hujui nilikuwa namfanyia nani."

"Sikuuliza," alisema Bi Kazija.

*

Tahiya alihakikisha kwamba anafika nyumbani kabla ya mumewe. Hakujificha jikoni, alisimama barazani, nje, kando ya mlango, kwa kuwa aliona ni aibu kumtendea mtu jambo kama lile na kisha kumchungulia. Shaali alikuja akitembea polepole kuliko kawaida yake. Alimwona mkewe. Akasimama mbele ya kizingiti, akaweka mikono nyuma, akautia ulimi baina ya meno.

Nyumba haikusita. Salamu ilitoka nzima, nyuni ikiwa mbele, katika sauti ya Mwanakheri. Na ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, mwenye haraka kidogo, aliyeacha kitu jikoni.

Shaali alibaki na kinywa wazi. Alikifunga taratibu.

"Hiyo si yake," alisema.

Akamgeukia mkewe.

"Wewe ndiye mtaalamu. Niambie. Yake ilikuwa nzito zaidi. Ilikuwa na mate. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisema kila siku, ninaijua. Hiyo wamekosea, Tahiya. Si yake."

Tahiya alikuwa amezisikia zote mbili: ya Bi Kazija ukumbini, kavu na nyepesi, iliyofanana na hii kama maji na maji, na ya mumewe siku ile, kali, yenye unyevu. Alijua nini kilichotokea. Kwa miaka mingi Shaali alikuwa akitamka peke yake, bila ya mtu wa kumcheka, na sauti ikawa inasogea kidogo kidogo kutoka kwa mwenyewe, hata ikafika mahali ambapo Mwanakheri asingeitambua. Lilikuwa neno moja tu la kumwambia, na wivu ulikuwa umeliweka tayari ulimini mwake. Angeweza pia kudanganya. Alikuwa amekwisha kudanganya leo.

"Ndiyo yake, bwana," alisema. "Ile uliyokuwa ukiisema ilikwisha kuwa yako wewe."

Shaali aliupokea usemi huo bila ya kusogea. Ndani ya nyumba palikuwa kimya, lakini kimya hiki hakikuwa kile cha zamani. Kilikuwa cha mtu aliyesalimu na anangoja ajibiwe, kama desturi inavyotaka. Kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa katika nyumba ile, Tahiya alitamani, kwa nguvu iliyomtisha, mumewe amjibu mwanamke yule.

Shaali aliinama, akavua viatu, akavipanga kando ya vya mkewe. Kisha akavuka kizingiti bila ya kusema neno.